Bunduki ya kulenga shabaha: mambo ya kuzingatia kabla ya kuomba leseni

Mwananchi wa Gulwe, wilayani Mpwapwa mkoani Dodoma, anayetaka kumiliki bunduki yake ya kwanza kwa ajili ya mazoezi ya kulenga shabaha, anapaswa kuanzia katika ofisi ya serikali ya kijiji chake na si kwa muuzaji. Utaratibu huo unamlinda yeye mwenyewe, kwa kuwa fedha iliyolipwa kabla ya idhini inaweza kupotea, na silaha iliyopokelewa bila leseni inaweza kumfikisha mahakamani kwa kosa lenye adhabu kubwa.

Umiliki wa silaha kwa raia nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Chini ya sheria hiyo, kumiliki silaha si haki ya kila mwenye uwezo wa kununua. Ni ruhusa inayotolewa na Serikali kwa mtu mahususi, kwa silaha mahususi na kwa sababu iliyoelezwa, na ruhusa hiyo inaweza kuondolewa.

Makala haya yanaeleza maana ya bunduki ya nusu otomatiki, sababu ya aina hiyo kuwekewa udhibiti mkali, aina inayomfaa anayeanza kujifunza shabaha, na hatua za kufuata hadi kupata leseni.

Nusu otomatiki maana yake nini

Bunduki hutofautiana kwa namna risasi inavyoingizwa chemba baada ya iliyotangulia kufyatuliwa. Katika bunduki ya kukoki kwa mkono, mpigaji huvuta komeo kwa mkono wake, ganda la risasi likatoka, kisha husukuma komeo hilo ili risasi nyingine iingie. Kila risasi inahitaji kitendo hicho.

Katika bunduki ya nusu otomatiki, nguvu ya baruti iliyolipuka ndiyo inayotoa ganda na kuingiza risasi inayofuata. Mpigaji anabaki na kazi ya kuvuta kifyatulio tu. Kila akivuta mara moja, hutoka risasi moja. Bunduki ya otomatiki kamili huendelea kutoa risasi mfululizo maadamu kifyatulio kimeshikiliwa.

Wasomaji wa taarifa za Jeshi la Polisi wanayafahamu majina mawili yanayotajwa mara kwa mara silaha haramu zinapokamatwa: SAR na SMG. SAR ni bunduki ya nusu otomatiki. Inayofahamika zaidi kwa jina hilo ni ile iliyobuniwa katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1945, inayobeba risasi 10 za milimita 7.62. SMG ni jina linalotumika nchini kwa bunduki za jamii ya AK-47. Zote mbili zilibuniwa kwa ajili ya vita.

Msimamo wa kikanda

Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 21, 2004, kuhusu kuzuia, kudhibiti na kupunguza silaha ndogondogo na nyepesi katika Ukanda wa Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Itifaki hiyo inazitaka nchi wanachama kuweka katika sheria zao katazo kamili la raia kumiliki na kutumia silaha nyepesi, bunduki za otomatiki, bunduki za nusu otomatiki na bunduki za rashasha. Aidha, inazitaka kusajili katika daftari moja la kitaifa silaha ndogo zote zinazomilikiwa na raia. Kabla ya hapo, nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) zilisaini itifaki yao ya udhibiti wa silaha mwaka 2001.

Sababu ya makubaliano hayo inaeleweka. Ukanda huu umepitia vita vilivyoacha silaha nyingi mikononi mwa watu, na silaha hizo huvuka mipaka kwa urahisi kuliko mizigo mingi. Bunduki inayoweza kupiga risasi 10 kwa sekunde chache inapoingia katika wizi wa mifugo, ujangili au ugomvi wa mipaka ya mashamba, madhara yake ni makubwa kuliko ya gobore linalojazwa baruti kwa dakika nzima.

Kwa hiyo, swali la kwanza kwa mwombaji si chapa ipi ni imara, bali ni iwapo aina anayoitaka inaweza kuidhinishwa kwa raia. Jibu la swali hilo hutolewa na Msajili wa Silaha kupitia Jeshi la Polisi. Muuzaji, rafiki au mtu aliyewahi kumiliki silaha si mamlaka ya kutoa jibu hilo.

Bunduki inayomfaa anayeanza

Kwa mtu ambaye lengo lake ni shabaha, kukosa bunduki ya nusu otomatiki si hasara. Mchezo wa kulenga shabaha umekuwapo katika Michezo ya Olimpiki ya kisasa tangu Athens mwaka 1896, na mashindano ya bunduki ndefu katika michezo hiyo hutumia silaha zinazojazwa risasi moja moja.

Katika shindano la mita 10, wapigaji hutumia bunduki ya upepo yenye risasi za milimita 4.5. Alama ya 10 katika shabaha hiyo ni nukta yenye upana wa nusu milimita. Katika shindano la mita 50, hutumika risasi ndogo ya milimita 5.6, inayojulikana kama .22, na mpigaji hupiga akiwa amepiga goti, amelala kifudifudi na amesimama. Duara la alama ya 10 hapo lina upana wa milimita 10.4, kiasi cha ukucha wa kidole. Shabaha ndogo kiasi hicho haipatikani kwa kupiga haraka. Hupatikana kwa pumzi iliyotulia, mkao thabiti na kidole kinachovuta kifyatulio bila kuustua mtutu.

Bunduki ya kukoki kwa mkono humsaidia mwanafunzi kwa kumlazimisha kusimama kati ya risasi moja na nyingine. Katika muda huo hutathmini kosa lake. Mwalimu naye huona kwa macho kama komeo liko wazi na chemba ni tupu. Kwa bunduki inayojikoki yenyewe, mwanafunzi aliyekwisha kupiga risasi moja anabaki na silaha iliyo tayari kupiga nyingine, na kusahau jambo hilo kunaweza kusababisha ajali uwanjani.

Uimara wa silaha nao una maana ya pekee katika maeneo ya nyanda za kati. Kuanzia katikati ya mwaka hadi mvua zinapoanza, vumbi la Gulwe huingia kila mahali. Bunduki inayotegemea nguvu ya baruti kujikoki ina sehemu nyingi zinazosogea, hivyo vumbi na masizi huifanya ikwame kwa urahisi zaidi. Risasi za .22 huacha masizi mengi, na bunduki za nusu otomatiki za aina hiyo mara nyingi huchagua risasi: zikipewa zenye nguvu pungufu, hazijikoki. Bunduki ya komeo huendelea kufanya kazi hata risasi zikibadilika.

Kwa silaha itakayoidhinishwa, mwombaji anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo kabla ya kukubali kununua:

Kwanza, kitako kiendane na urefu wa mkono wake. Bunduki ikishikwa begani, kidole kifike kwenye kifyatulio bila kujivuta na shavu litue kwenye kitako bila shingo kupinda.

Pili, komeo lisogee bila kukwaruza na kizuizi cha usalama kishike kila kinapowekwa. Kizuizi kinachoteleza ni sababu tosha ya kuikataa silaha.

Tatu, mtutu uangaliwe ndani ukiwa mtupu. Usiwe na kutu, uvimbe wala ufa.

Nne, namba ya silaha isomeke wazi na ilingane na nyaraka. Namba iliyofutwa au kuchongwa upya ni dalili ya uhalifu, na silaha hiyo isiguswe.

Tano, risasi na vipuri vyake vipatikane kwa wauzaji wenye leseni nchini. Bunduki nzuri isiyo na risasi za halali ni mzigo kwa mwenyewe.

Ni vyema pia kuuliza Polisi kabla ya kununua hata bunduki ya upepo. Mtu asidhani kwamba kukosekana kwa baruti kunamwondolea wajibu wa kisheria.

Hatua za kupata leseni

Sheria inamtaka mwombaji awe na umri wa miaka 25 au zaidi, awe na akili timamu, asiwe mtumiaji wa dawa za kulevya na awe na mwenendo unaokubalika. Vilevile anapaswa kupata mafunzo na kuthibitisha kwamba anaweza kutumia silaha kwa usalama.

Maombi huanzia ngazi ya kijiji au mtaa, mahali ambapo mwombaji anafahamika kwa majirani. Kutoka hapo hupitia kata, kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya na kamati ya usalama ya wilaya, kisha ngazi ya mkoa, kabla ya kumfikia Msajili wa Silaha. Kwa mkazi wa Gulwe, ngazi ya wilaya iko Mpwapwa na ya mkoa iko Dodoma mjini.

Baadhi ya waombaji huuona mlolongo huo kuwa mrefu. Hata hivyo, kila ngazi ina swali lake. Kijiji hujua kama mwombaji ana ugomvi wa mpaka na jirani au hupiga wake na watoto. Wilaya hujua hali ya usalama ya eneo zima. Polisi hupitia kumbukumbu za uhalifu. Hakuna ngazi moja inayoweza kujibu maswali yote hayo peke yake.

Baada ya leseni kutolewa, silaha ni ya mwenye leseni pekee. Haiazimwi kwa ndugu anayesafirisha mifugo, wala haikodishwi kwa mlinzi. Silaha hairithiwi kama ng'ombe au shamba. Mmiliki akifariki dunia, familia inapaswa kutoa taarifa Polisi na kuikabidhi, kisha mrithi anayeitaka aombe kwa jina lake. Magobore mengi yaliyomo vijijini bila usajili yalianza hivyo: babu aliyamiliki, baba akayahifadhi, na mjukuu anayakuta darini bila karatasi yoyote.

Mahali pa kufanyia mazoezi

Leseni ya kumiliki haimruhusu mtu kupiga risasi popote. Risasi ndogo ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Gulwe ni eneo la malisho, mashamba ya bonde la mto Kinyasungwe, stesheni ya Reli ya Kati na reli ya kisasa ya SGR. Mchungaji aliye nyuma ya kichaka haonekani na mlengaji, na risasi inayogonga jiwe hubadili mwelekeo.

Mazoezi yafanyike katika uwanja wa shabaha unaotambuliwa na mamlaka, wenye kingo ya udongo inayozuia risasi na msimamizi anayetoa amri. Vijana wanaopenda shabaha wanaweza pia kujifunza kwa utaratibu wa Serikali kupitia mafunzo ya Jeshi la Akiba yanapotangazwa wilayani mwao.

Uwanjani, kanuni nne hazina mbadala. Kila silaha ichukuliwe kuwa ina risasi. Mtutu usielekezwe kwa kitu ambacho mpigaji hakusudii kukipiga. Kidole kikae nje ya kifyatulio hadi shabaha iwe imelengwa. Na mpigaji ajue kilichopo nyuma ya shabaha. Masikio yakingwe, kwa kuwa mlio wa bunduki nyingi hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu usikivu mara moja na kabisa.

Nyumbani, bunduki ihifadhiwe ikiwa tupu katika sanduku la chuma lililofungwa, risasi ziwekwe mahali pengine, na funguo zisiwe mahali watoto wanapofika. Isafishwe baada ya kila zoezi na kupakwa mafuta kidogo tu, kwa kuwa mafuta mengi hunasa vumbi.

Adhabu na fursa ya kusalimisha

Kumiliki silaha bila leseni ni miongoni mwa makosa yaliyoorodheshwa katika Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa, Sura ya 200. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, anayetiwa hatiani chini ya sheria hiyo hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi miaka 30. Kwa mkulima au mfugaji mwenye umri wa miaka 35, hiyo ni sehemu yote ya maisha ambayo angelea watoto wake.

Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka hadi mwaka 2030 kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari, na Serikali ya Tanzania imekwisha kutangaza vipindi vya aina hiyo. Mwenye gobore la urithi au silaha asiyojua asili yake anashauriwa kufuatilia matangazo hayo na kutoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata au kituo cha Polisi kilicho karibu kabla ya kuibeba, ili aelekezwe namna salama ya kuikabidhi.

Kwa anayetaka kuwa mlengaji mzuri, subira ya kupitia ngazi zote hizo ni sehemu ya mafunzo yenyewe. Shabaha hudai utulivu, na mtu asiyeweza kusubiri idhini ya kijiji chake bado hajawa tayari kukabidhiwa bunduki.