Pilau ya Unguja Katika Jiko la Ulaya

Kila siku ndege huteremsha wageni katika kiwanja cha Abeid Amani Karume, hapa Unguja. Wengi hutoka Ulaya: Italia, Ufaransa, Ujerumani, Poland na kwengineko. Wengine huja wawili wawili, mke na mume. Hulala Mji Mkongwe, au katika hoteli za pwani kama Nungwi, Kiwengwa na Paje.

Jioni utawaona Forodhani. Wanakula mishkaki na urojo, wanakunywa maji ya miwa. Asubuhi hupelekwa katika mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi. Huko huonyeshwa mkarafuu, mdalasini na mpilipili manga. Mchana huketi mkekani wakala pilau.

Baada ya wiki moja au mbili wageni hao hurudi kwao. Picha wanazo. Lakini picha haina ladha. Kwa hiyo kabla ya kuondoka hununua viungo, Darajani au palepale shamba. Wakifika kwao, siku ya mapumziko, mke na mume huingia jikoni. Hujaribu kupika pilau ile waliyoila Unguja.

Je, umewahi kujiuliza ni kitu gani kinatokea katika jiko lile?

Pilau ikitoka nzuri, watawaalika rafiki zao. Rafiki watauliza viungo vimetoka wapi. Mwaka wa pili rafiki hao nao wanaweza kuja Unguja, na watakitafuta kijiji kilekile. Pilau ikitoka mbaya, viungo vikinuka ukungu, au kiungo kikiwa si kile walichoambiwa, basi jina la kijiji limeharibika. Wewe hutajua. Utaona tu kwamba wanunuzi wanapungua.

Ndiyo maana leo tutazungumza juu ya kifurushi kidogo cha viungo. Kifurushi kile ni mali ya mkulima. Pia ni heshima ya kijiji.

CHAKULA NI MSAFIRI

Kwanza tujue kwamba jambo hili si geni. Chakula kimesafiri tangu zamani. Sisi wenyewe tunakula vyakula vilivyoletwa na wasafiri.

Upishi wa pilau ulienea kutoka Uajemi na Bara Hindi. Halua tuliipata kwa watu wa Omani. Muhogo, mahindi na pilipili hoho asili yake ni bara la Amerika. Wareno ndio waliovisafirisha kuvuka bahari mpaka pande zetu.

Hata viungo tunavyojivunia vilikuja. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi ya Indonesia. Ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mdalasini asili yake ni Sri Lanka. Pilipili manga asili yake ni kusini mwa India. Vanila asili yake ni Meksiko.

Wazee wetu walipokea vitu hivyo, wakavipanda, wakavipika kwa namna yao, vikawa vyetu. Leo mambo yamegeuka. Sasa mgeni ndiye anayechukua mapishi yetu kwenda nayo kwao. Basi tumpe kitu kizuri, na tumpe pamoja na maelezo yake.

KAUSHA VIZURI

Adui wa kwanza wa viungo ni unyevu. Kiungo kisichokauka huota ukungu. Ukungu wa aina fulani huleta sumukuvu. Sumu hiyo huioni, huinusi, wala haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Viungo navyo huweza kuingiwa na sumu hiyo. Nchi za Ulaya zina sheria kali juu yake.

Fuata maelezo haya:

Pilipili manga. Chuma kishada kikiwa na punje moja au mbili zilizoanza kuwa nyekundu. Pukusua punje. Zichovye katika maji ya moto sana kwa dakika moja, kisha anika juani. Punje zitakuwa nyeusi. Endelea kuanika mpaka ziwe ngumu kabisa.

Mdalasini. Toa ganda la tawi wakati wa mvua, maana linabanduka kwa urahisi. Kwangua ngozi ya nje. Kausha kivulini, mahali penye upepo.

Manjano. Chimba majani yakishakauka. Osha udongo wote. Chemsha mpaka yalainike, katakata vipande, kisha anika. Kipande kilichokauka huvunjika kwa mlio. Kikipinda, rudisha juani.

Kungumanga. Kausha kokwa ndani ya gamba lake mpaka ukiitikisa isikike. Ule utando mwekundu ni basibasi. Uvue na uukaushe peke yake.

Kumbuka jambo hili: usianike chini, juu ya udongo. Kuku hupita, mbuzi hupita, vumbi huingia. Anika juu ya jamvi au juu ya kichanja. Jioni ingiza ndani, kwa sababu umande wa usiku hurudisha unyevu.

Karafuu zina sheria zake. Mnunuzi wa zao hilo hapa Zanzibar ni Shirika la Biashara la Taifa, yaani ZSTC. Kabla ya kufunga karafuu za kuwauzia wageni, nenda kaulize katika ofisi ya shirika hilo. Usiingie matatani kwa kutouliza.

SEMA KWELI

Adui wa pili ni uongo.

Utasikia mtu akimwambia mgeni, "Hii ni zafarani ya Unguja." Ndugu msomaji, hapa petu hatuvuni zafarani. Zafarani ni nyuzi ndogo nyekundu zinazotolewa katika ua. Sehemu kubwa ya zafarani ya dunia hutoka Iran. Zinahitajika nyuzi za maua zaidi ya 100 ili kupata gramu moja tu. Ndiyo maana bei yake ni kubwa. Mtu anayemuuzia mgeni unga wa manjano na kuuita zafarani anamwibia.

Mgeni huyo si mjinga. Akifika kwao ataitia katika wali. Wali utakuwa wa rangi ya manjano, lakini harufu ya zafarani haitakuwapo. Hapo atakumbuka ni nani aliyemuuzia.

Mfano mwengine ni uzile, yaani bizari nyembamba. Pilau ya Unguja haiendi bila bizari hiyo. Hata hivyo haitoki katika mashamba yetu. Tunainunua dukani, nayo hutoka nchi za nje. Hakuna aibu yoyote. Mwambie mgeni kweli: "Pilipili manga, hiliki na mdalasini ni vya shamba letu. Bizari tunanunua mjini." Mgeni atakuamini zaidi. Kama alivyosema mhenga, njia ya mwongo ni fupi.

FUNGA NA UANDIKE

Sasa tunafika kwenye kazi ya kalamu. Wewe umejifunza kusoma na kuandika. Elimu hiyo isikae bure.

Kifurushi kisicho na maandishi ni kama mtu asiye na jina. Mgeni ananunua vifurushi sita. Akifika kwao hajui kipi ni kipi. Atatupa vyote.

Tia viungo vikavu katika mfuko safi, mpya, usiopitisha hewa. Funga sana. Kisha bandika karatasi iliyoandikwa hivi:

PILIPILI MANGA NZIMA
Imevunwa mwezi wa (andika mwezi na mwaka)
Kijiji: (andika jina la kijiji chako)
Uzito: gramu 50
Weka mahali pakavu

Andika kwa herufi kubwa, moja moja, kama tulivyofundishwa. Mwombe kijana wa skuli au mwongoza wageni aandike maneno hayohayo chini yake kwa Kiingereza. Lakini Kiswahili kitangulie. Mgeni atapenda kujua jina la kiungo katika lugha ya shamba kilikotoka.

Pima kwa mizani ya kweli. Ukiandika gramu 50, ziwe gramu 50.

MPE MGENI KIPIMO

Mama wa Unguja akipika pilau hapimi. Anatia kwa macho na kwa mkono. Akiulizwa kiasi gani, hujibu, "Kiasi chake." Kwa mwanawe aliyekaa naye jikoni miaka kumi, jibu hilo linatosha. Kwa mgeni halitoshi.

Kwa hiyo pima siku moja unapopika, kisha andika. Huu hapa mfano wa pilau ya watu wanne:

Mchele vikombe 2
Nyama nusu kilo
Mbatata 3
Vitunguu maji vikubwa 2
Thomu iliyopondwa, kijiko 1 cha kulia
Tangawizi iliyopondwa, kijiko 1 cha kulia
Bizari nyembamba, kijiko 1 cha chai
Pilipili manga nzima, nusu kijiko cha chai
Karafuu 6
Hiliki 6
Mdalasini, kipande cha urefu wa kidole
Mafuta, vijiko 4 vya kulia
Chumvi

1. Chemsha nyama kwa chumvi, pamoja na nusu ya thomu na nusu ya tangawizi. Ikiiva, itoe. Supu usimwage.
2. Osha mchele, uroweke nusu saa, kisha uchuje.
3. Kaanga vitunguu katika mafuta mpaka viwe rangi ya kahawia. Usiviunguze. Hapa ndipo pilau inapopata rangi yake.
4. Tia thomu na tangawizi iliyobaki, na viungo vyote. Koroga mpaka harufu itoke.
5. Tia mbatata na nyama. Mimina supu vikombe 3. Ikiwa supu haifiki, ongeza maji.
6. Ikichemka, tia mchele. Maji yakikaribia kukauka, funika.

Sisi hupalia makaa juu ya mfuniko. Mgeni hana makaa. Mwambie apunguze moto wa jiko lake kabisa, afunike kwa mfuniko unaobana, na asifunue kwa dakika 20.

Wako wageni wasiokula nyama. Hao wapike kwa mbatata na maji matupu, na viungo vilevile. Wengine wanapenda nazi. Hao waweke kikombe kimoja cha tui mahali pa kikombe kimoja cha supu. Kwao hakuna mbuzi ya kukunia nazi, lakini tui la kopo hupatikana madukani.

Andika maelezo hayo katika karatasi moja, uitie pamoja na viungo vya pilau. Umeuza viungo, na umeuza na ujuzi wako. Hapo bei yako ina haki ya kupanda kidogo.

MAMBO YA FORODHA

Jambo la mwisho. Tangu Desemba 2019, nchi za Umoja wa Ulaya hazimruhusu msafiri kuingia na matunda mabichi, mboga au mimea bila cheti cha afya ya mimea. Vilivyosamehewa ni vitano tu: nanasi, nazi, doriani, ndizi na tende. Nyama nayo hairuhusiwi.

Kwa hiyo usimshauri mgeni anayekwenda huko kufungasha tangawizi mbichi, manjano mabichi au miche ya hiliki. Atanyang'anywa uwanjani, na pesa yake itakuwa imepotea. Muuzie viungo vilivyokauka. Matunda mabichi ale hapahapa, na ale ashibe.

FANYENI KWA PAMOJA

Mtu mmoja peke yake hawezi kukausha, kupima, kufunga na kuandika kila siku. Mnaweza kuungana watu kumi. Mmoja ana mpilipili manga, mwengine ana mdalasini, wa tatu anajua kuandika vizuri. Nunueni mizani moja ya pamoja. Wekeni daftari la mauzo. Mwoneni sheha wenu, na mwoneni bwana shamba au bibi shamba kwa ushauri wa kukausha.

Na mkubaliane jambo moja: kifurushi kibaya cha mmoja wenu kisitoke. Samaki mmoja akioza, huoza wote.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Ni viungo gani vinavyoota katika kijiji chetu? Ni vipi tunanunua dukani?
2. Kwa nini tusianike viungo juu ya udongo?
3. Andika maneno ya kubandika katika kifurushi cha mdalasini.
4. Pimeni chakula kimoja mnachopika nyumbani, muandike maelezo yake. Je, mtu asiyewahi kukila anaweza kukipika kwa kusoma karatasi yenu?