Harusi nyumbani: panga saa ya chakula kabla ya mapambo

Kwenye vikao vya harusi, ukumbi, sare, mapambo na MC huchukua jioni nzima. Chakula hupewa dakika chache mwishoni: kilo ngapi za mchele, kilo ngapi za nyama, mpishi ni nani. Kikao kijacho, mama, inua mkono uulize jambo moja: chakula kitaiva saa ngapi na kitaliwa saa ngapi?

Jibu lake ndilo litakaloamua kama kesho yake mtakaa kuangalia picha au mtakuwa zahanati na watoto wanaoharisha.

Tuchukue mfano. Mpishi anaanza alfajiri ili asichelewe. Pilau inaiva saa 5 asubuhi na kufunikwa. Msafara unachelewa, picha zinachukua muda, wageni wanakaa mezani saa 10 jioni. Hayo ni masaa 5, na chakula kilichopikwa hakifai kukaa kwenye joto la kawaida zaidi ya masaa 2.

Wengi husema, "Si tutapasha moto?" Kwa wali, kupasha hakutoshi. Kuna vijidudu kwenye mchele ambavyo hujikinga kwa ganda gumu na havifi hata maji yakichemka. Wali ukikaa vuguvugu, vinaamka, vinazaliana na kutoa sumu. Sumu ikishatoka, moto hauiondoi. Nyama kwenye sufuria kubwa nayo ina tatizo lake: pembeni inapoa, lakini katikati hubaki vuguvugu kwa masaa mengi, hali inayopendwa sana na vijidudu vingine. Mtu mzima anaweza kuumwa tumbo siku moja akapona. Mtoto wa mwaka mmoja huishiwa maji mwilini haraka.

Kwa hiyo hesabuni kwa kurudi nyuma. Kama mtakula saa 10, pilau iive karibu na saa 9, na ibaki juu ya makaa hadi ipakuliwe. Ukifunua sufuria, mvuke utoke. Mwambie mpishi mapema, na mtu mmoja wa familia awe anampigia simu kumjulisha msafara umefika wapi. Ratiba ikisogea, moto nao usogezwe. Ni kazi ndogo, lakini isipokuwa na mwenyewe, hakuna atakayeifanya.

Kachumbari ikatwe mwisho kabisa, kwa kisu na ubao ambao haukukatia nyama mbichi, na mboga zioshwe kwa maji salama. Barafu ya juisi itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Barafu haiui vijidudu.

Maji ya kunawa mimi nayaweka mbele ya maua yote ya ukumbini. Ndoo 2 zenye koki zinatosha kuanzia, moja karibu na choo na nyingine mahali pa kula, kila moja na sabuni yake, na kijana mmoja wa kuzijaza. Mnaokula kwenye sinia, tumieni birika na beseni, kila mtu amiminiwe maji yake. Bakuli moja la kunawia watu kumi linahamisha uchafu tu kutoka mkono hadi mkono.

Na kama bi harusi ananyonyesha? Nguo yake ifunguke mbele, na kwenye ratiba muandikiwe muda wa kunyonyesha, maana matiti yakijaa kwa masaa mengi yanauma na yanaweza kuvimba. Maziwa aliyokamua yanaweza kukaa masaa 4 kwenye chombo safi chenye mfuniko, mahali pasipo na joto kali. Mtoto anyweshwe kwa kikombe.

Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe mchuzi, soda wala asali, hata kwa kulambishwa. Mashangazi watajaribu, kwa upendo kabisa. Sema kwa heshima, "Shangazi, nesi amekataza, ni maziwa ya mama tu." Tusingizieni sisi, tumezoea. Mbali na hapo, mkalishe mbali na spika, na watoto wanaotembea wawe na mtu mzima mmoja wa kuwaweka mbali na mafiga na masufuria ya moto.

Chakula cha kubeba kigawiwe mara watu wanapomaliza kula, kikiwa bado cha moto, na kiliwe jioni hiyohiyo. Kilicholala nje usiku kucha usimpe mtoto asubuhi, hata kama kinanukia vizuri. Najua kutupa pilau kunauma.

Mtoto akianza kuharisha, endelea kumnyonyesha na mpe ORS: pakiti 1 kwenye lita 1 ya maji safi na salama, akinywa kidogo kidogo. Iliyobaki baada ya masaa 24 imwage. Mpeleke pia kituo cha afya apewe vidonge vya zinki, na avitumie siku zote atakazoelekezwa hata kama kuharisha kumekoma. Usisubiri kupambazuke ukiona macho yamedidimia, amelegea, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, au choo chake kina damu. Weka nauli ya dharura na namba ya bodaboda mnayemwamini kabla ya siku ya harusi, kwa sababu usiku huo magari yote yatakuwa yanarudisha wageni.