Mvua Imeisha Juu, Chini Ndiyo Imeanza

Mimi ni fundi wa nyumba, na wateja wangu wengi wako hapa Suna, ambako vilima ni vya kupanda bila kuhema. Lakini fundi hufuata kazi. Masika moja kazi ilinipeleka Gwassi, kupita Sori na Magunga, kwenye miteremko inayolitazama Ziwa Victoria. Milima ile ni masalia ya volkano ya kale, Kisingiri, na pale mtu hulima shamba ambalo sisi wa Suna tungeliita ukuta.

Mwenye boma alitaka tuukate mlima ili apate uwanja wa nyumba. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, kisha asubuhi hiyo jua likatoka, kali.

"Fundi, si mvua imeisha? Chimbeni."

"Mama, imeisha juu. Chini ndiyo imeanza."

Hakupendezwa. Nami nalipwa kwa siku, kwa hiyo asidhani mtu kwamba nilifurahia kukaa.

Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye ekari moja, hayo ni maji ya zaidi ya tani 200. Mengine hutiririka, mengine hunywewa. Yaliyonywewa hayakomi kusafiri mawingu yanapotawanyika. Huteremka ndani kwa ndani hadi yakutane na mwamba, au tabaka la mfinyanzi lisilopitisha maji. Hapo hujikusanya, hupenya kati ya chembe za udongo na kuzitenganisha, na mzigo wote wa juu hubaki umekalia utelezi. Kazi hiyo huweza kuchukua saa kadhaa, pengine siku. Ukifika wakati huo na jembe ukaukata mguu wa mlima, umeondoa kilichokuwa kikiuzuia.

Wanaoishi kwenye theluji wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Katika milima ya Alps, baridi inapoanza kuisha, siku ya kuogopwa huwa ile yenye jua zuri. Theluji ya juu huyeyuka, maji yake huzama na kulegeza tabaka za chini, na alasiri upande mzima wa mlima unaweza kushuka. Usiku ukiwa na baridi ya kutosha theluji hukaza tena, kwa hiyo wazoefu hupita alfajiri na kurudi mapema. Usiku ukipita bila kuganda, hawatoki. Kilimanjaro nako barafu ndiyo saruji ya mawe ya kileleni. Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach yakaua wapandaji watatu Wamarekani, njia ikafungwa kwa muda. Waongozaji wa huko hutaka wageni wawe wamelipita eneo hilo kabla jua halijalipiga.

Kwetu si theluji, ni udongo, na udongo umeua wengi zaidi. Tarehe 1 Machi 2010, huko Bududa, Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kijiji cha Nametsi kilifukiwa. Watu zaidi ya 300 walihofiwa kufa, na kituo cha afya ambamo baadhi walikuwa wamejisitiri mvua kilifukiwa pia. Novemba 2019 ikawa zamu ya West Pokot: zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao wakiwa wamelala.

Mteremko naupima kwa vifaa vyangu vya kila siku. Naweka ubao wa mita moja, nausawazisha kwa pima maji, kisha napima kutoka ncha yake hadi ardhini. Ikifika sentimita 58, mteremko ni nyuzi 30. Theluji huporomoka zaidi kati ya nyuzi 30 na 45. Udongo uliolowa huhitaji hata pungufu ya hapo. Kisha natazama ardhi: ufa uliopinda juu ya boma, miti iliyoanza kuinama, chemchemi mahali palipokuwa pakavu, mlango uliofungika vizuri jana na leo unakwama. Choo cha shimo kilicho juu ya nyumba nacho sikipendi, wala maji ya kuoshea yanayomwagwa huko kila siku. Ukuta wa kuzuia udongo usioachiwa matundu ya kutolea maji ni afadhali usijengwe, kwa sababu siku utakapoanguka utaongeza mawe kwenye matope.

Kule Gwassi tuliishia kuuhamisha uwanja wa nyumba hadi kwenye mgongo wa kilima, mbali na kibonde alichokitaka mama kwa sababu kilikuwa karibu na maji. Vibonde ndivyo barabara za matope. Alilalamika kuhusu umbali wa kubeba mitungi, na alikuwa na haki. Nilimwomba jambo moja zaidi: kijito cha chini kikigeuka ghafla kuwa tope, au kikipungua huku mvua inanyesha, asisubiri kuona kwa nini. Huenda kimezibwa huko juu na kitafunguka kwa mkupuo. Awatoe watoto wakimbie kuelekea ubavuni, si kuteremka, na mbuzi awaache. Mara nyingi poromoko la kwanza hufuatwa na lingine.