Kuuzunguka Shimba kwa Baiskeli

Sisi wa Likoni na Mombasa tumeizoea milima ya Shimba kama ukuta wa kijani ulioko mbali. Wengi wetu tumepanda gari hadi Kwale, tukamaliza shughuli zetu na kurudi, tukidhani tumeiona. Waama, Shimba huonwa na aliyeizunguka, na chombo kifaacho kwa kazi hiyo ni baiskeli.

Hakuna njia maalumu iliyowekewa vibao. Ni barabara za kawaida, za lami na za vumbi, ambazo ukiziunganisha hukurudisha ulikoanzia. Msitu wenyewe, ulio katikati, uuache. Ni hifadhi ya wanyama tangu mwaka 1968, na nyati na ndovu hawasikii simile ya mwenye baiskeli. Jipe siku mbili, chukua pampu, viraka na maji ya kutosha.

Anza Kombani baada ya sala ya alfajiri, jua lingali changa. Kutoka hapo hadi Kwale ni mpando, kwani mji huo uko zaidi ya mita 300 juu ya bahari. Si aibu kushuka na kuisukuma. Hata vijana wa huko, wachukuao nazi na mkaa kwa baiskeli, huteremka nayo mbio lakini hupanda wakiisukuma.

Kutoka Kwale shika njia ya Golini na Kinango. Hapa ndipo utakapojua msitu una gharama. Muulize mkulima yeyote wa upande huu atakueleza habari za kukesha shambani akipiga debe ili ndovu wasimalize mahindi yake. Mwaka 2005 ndovu 150 walihamishwa kutoka Shimba na Mwaluganje wakapelekwa Tsavo Mashariki, maana walikuwa wamezidi. Hapo Mwaluganje ndipo Wadigo na Waduruma walipokubali kuwaachia ndovu sehemu ya ardhi yao, wagawane mapato ya wageni wanaokuja kuwatazama. Hifadhi yao hiyo ilifunguliwa mwaka 1995.

Ukikaribia Kinango, dunia hubadilika. Mawingu yatokayo baharini humwaga mvua yao mlimani, na huku nyuma hufika machache. Minazi hutoweka, miiba huanza, na Waduruma huswaga ng'ombe wao mwendo mrefu kutafuta maji. Lala hapa, upumzishe miguu.

Siku ya pili shika njia za vumbi za kusini, na uulize kila njiapanda, kwani kuuliza si ujinga. Ukifika pande za Mkongani na Shimba Hills, kijani hurudi. Utakuta michungwa, miembe na mikorosho, na wakulima wa makabila mbalimbali, Wakamba wakiwa wengi. Ndani ya msitu ulio mkononi mwako wa kushoto anaishi palahala, yule mnyama mwenye pembe ndefu zilizopinda kwa nyuma. Kote Kenya hana makao mengine ila haya.

Kisha ni mteremko hadi pwani, upande wa Msambweni. Hakikisha breki zako zashika. Ukirudi kaskazini kwa barabara kuu, kabla ya Gazi utavuka mto Mkurumudzi. Simama darajani. Maji hayo yametoka katika milima uliyokuwa ukiizunguka, na yanakwenda kwenye mikoko ya Gazi, wanakozaliana samaki na kaa. Na chemchemi za Marere, zilizomo ndani ya msitu huo, ziliwanywesha watu wa Mombasa tangu zama za Mwingereza.

Wazee husema, aliye juu mngoje chini. Sisi wa chini tumekuwa tukingoja vya juu miaka yote, nasi hatujauliza nani anayevilinda. Yule apigaye debe usiku kucha kule Golini ndiye anayelipia maji yetu, na aghalabu hatujui hata jina la kijiji chake.

Ukifika tena Kombani, miguu itakuuma na nguo zitakuwa nyekundu kwa vumbi. Lakini siku nyingine bei ya maji ikipanda, au ukisikia msitu wakatwa, utajua habari hiyo ni yako.