Mshonaji wa Mifarishi: Kutoka Kitandani hadi Ukutani

Mfarishi ni tandiko nene la kujifunika linaloundwa na tabaka tatu zilizoshonwa pamoja: juu kuna kitambaa cha mapambo, ambacho mara nyingi huungwa kwa vipande vidogo vya rangi mbalimbali, katikati kuna pamba au sufu inayohifadhi joto, na chini kuna kitambaa kipana kinachogusa mwili wa mlalaji. Watu wa nchi nyingi zenye baridi wanaujua ufundi huu, lakini ni nchini Marekani ambako umejijengea maisha yake mahususi, yenye vyama, safari, majumba ya makumbusho na maonyesho yanayovuta maelfu ya watu, na ambako mshonaji, ambaye kwa kawaida ni mwanamke, amekuja kuhesabiwa kuwa msanii baada ya kungoja muda mrefu mno. Katika Afrika Mashariki, ambako kiraka aghalabu huchukuliwa kuwa dalili ya ufukara, maisha hayo yanastahili kuelezwa kwa kirefu, kwani mifarishi iliyotukuka kuliko yote ilishonwa na watu waliokuwa mafukara hasa.

Kazi huanza kwa kukata. Vitambaa vya pamba huuzwa madukani katika vipande vya takriban sentimita 45 kwa 55, kipimo kinachomwezesha mshonaji kukusanya rangi nyingi bila kulazimika kununua jora zima, naye huvikata kwa rula na kwa kisu chenye makali ya duara yanayobingirika, chombo kilichoingia sokoni mwaka 1979 na kupunguza sana saa zilizokuwa zikimalizwa na mkasi. Vipande huungwa kuwa miraba, miraba kuwa safu, na safu huungwa hadi kitambaa cha juu kitimie. Hapo tabaka tatu hutandazwa na kupigwa bandi, yaani kushikizwa kwa mishono mirefu ya muda, kisha hufuata hatua inayotofautisha mfarishi na blanketi la kawaida, ambayo ni kushona mistari, maua au mizunguko inayopenya tabaka zote. Wengine huifanya kwa mkono, wakivaa subana, yaani kikofia cha kukinga kidole kisichomwe na sindano, na wengine hutumia cherehani yenye mkono mrefu, ambayo hupitishwa juu ya mfarishi uliotandazwa kwenye fremu. Mwisho kingo zote hufungwa kwa utepe.

Kitambaa cha chini zamani kilikuwa pamba ghafi isiyotiwa rangi, jamaa wa karibu wa ile merikani iliyovaliwa na kuuzwa pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19. Pamba iliyolimwa na watumwa Kusini mwa Marekani ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, na merikebu za wafanyabiashara wa Salem zikaileta Zanzibar, ambayo ilikuwa na mkataba wa biashara na Marekani tangu mwaka 1833, hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861, vilipouvuruga mkondo huo na kuwaachia soko washindani kutoka Uingereza na India. Historia ya mfarishi wa Marekani na historia ya vazi la pwani zimetoka, kwa sehemu kubwa, katika mashamba yaleyale.

Ndani ya familia, mfarishi hufuata hatua za maisha. Mtoto anapozaliwa hushonewa mdogo wa kulalia. Wanaooana hupewa wenye mtindo wa Pete Mbili za Arusi, ambao duara zake hushikana kama minyororo. Kijana anayemaliza shule huunganishiwa fulana zake za michezo na za vyama ili aende nazo chuoni. Mtindo wa Nyumba ya Magogo, ambamo vipande vyembamba huzungushwa kuuzunguka mraba wa katikati, kwa desturi huwekewa kitovu chekundu kuwakilisha moto wa mekoni, na ni vigumu kupata mtindo unaosema waziwazi zaidi kwamba kazi hii ilizaliwa nyumbani. Kifo nacho kina mfarishi wake. Mwaka 1987 mjini San Francisco, mwanaharakati Cleve Jones na wenzake walianza kukusanya vipande vya kitambaa vya takriban sentimita 90 kwa 180, ukubwa unaokaribia ule wa kaburi, kila kimoja kikiwa na jina la mtu aliyeuawa na UKIMWI, na mwezi Oktoba mwaka huohuo vipande 1,920 vilitandazwa katika uwanja mkuu wa Washington. Leo vipande hivyo vinakaribia 50,000. Wakati ambapo familia nyingi zilificha sababu ya msiba, akina mama, wapenzi na marafiki walishona jina la marehemu mahali ambapo serikali ingelazimika kuliona, na huo ni ushujaa ambao hotuba nyingi za miaka ile hazikuufikia.

Hata hivyo, mshonaji hakai ndani siku zote. Tangu zamani wanawake walikusanyika kuizunguka fremu moja kubwa na kushona pamoja mfarishi wa mmoja wao, huku wakibadilishana habari, wakifundisha wasichana na kupatanisha waliokosana, kwa namna ambayo mtu aliyekulia kati ya wasukaji wa ukili wa mikeka ataitambua mara moja. Siku hizi mkusanyiko huo umechukua sura ya chama cha washonaji, ambacho kwa kawaida hukutana mara moja kwa mwezi, na ambamo wanachama husimama mmoja mmoja kuonyesha walichomaliza na kueleza kilivyotengenezwa. Kuna pia kambi za siku chache, ambako watu huenda na cherehani zao kumalizia kazi zilizolala kabatini kwa miaka, na kuna ziara za maduka, ambapo maduka ya eneo moja hukubaliana kugonga mhuri kwenye kadi ya kila mgeni, na aliyepita yote huingia katika bahati nasibu ya zawadi. Akina dada, mama na binti hujaa kwenye gari moja, hula njiani, na hurudi na vitambaa vingi kuliko walivyokusudia. Ziara hizi zisidharauliwe kuwa manunuzi ya starehe tu, kwa maana ndimo binti anamojifunza kutoka kwa mama yake kutambua kitambaa kitakachochuja na rangi zisizopatana, elimu ambayo haijapata kuandikwa ikakamilika.

Kilele cha mwaka ni maonyesho. Mji mdogo wa Sisters, katika jimbo la Oregon, hufanya maonyesho yake nje, Jumamosi ya pili ya Julai, desturi iliyoanza mwaka 1975 kwa mifarishi michache iliyotundikwa na mwenye duka Jean Wells, na ambayo sasa huvika zaidi ya mifarishi 1,000 kwenye kuta za maduka, roshani na nguzo za barabara, kisha yote huteremshwa siku hiyohiyo. Houston, Texas, una tamasha kubwa la kimataifa ambalo hukusanya makumi ya maelfu ya wageni. Paducah, mji wa Kentucky usiofikia watu 30,000, ulipata maonyesho yake mwaka 1985, mwaka mmoja baada ya Bill na Meredith Schroeder kuanzisha chama cha kitaifa cha washonaji, na mwaka 1991 likafunguliwa jumba la makumbusho ambalo Bunge la Marekani lililitambua mwaka 2008 kuwa la taifa. UNESCO iliuingiza mji huo mwaka 2013 katika mtandao wa miji bunifu kwa ajili ya ufundi na sanaa za jadi. Msimu wa maonyesho ukifika hoteli hujaa, na wenyeji hufungua vyumba vya nyumba zao kuwapokea wageni, wengi wao wanawake wa makamo ambao kwa siku chache wanauongoza uchumi wa mji mzima.

Katika maonyesho ya mashindano, waamuzi huukagua mfarishi kabla milango haijafunguliwa, wakitazama kama ncha za vipande zinakutana barabara, kama kingo zimenyooka, kama mishono inalingana na kama upande wa nyuma ni safi sawa na wa mbele. Mshindi wa kwanza hubandikiwa utepe wa bluu. Mfarishi hutundikwa kwa ufito unaopita katika mfuko mwembamba ulioshonwa nyuma yake, na wageni hawaruhusiwi kuugusa, kwa sababu mafuta ya vidole huharibu pamba. Badala yake husimama karibu watu wa kujitolea waliovaa glavu nyeupe, ambao humkunjulia pembe yeyote anayetaka kuona nyuma. Kanuni hii inaonyesha mageuzi makubwa: kitu kilichoshonwa ili watoto walale juu yake, wakikojolee kisha kifuliwe, sasa huguswa kwa heshima inayopewa nyaraka za kale.

Mageuzi hayo hayaonekani popote kama yanavyoonekana Gee's Bend, kijiji cha watu weusi kilicho ndani ya kona ya mto Alabama. Shamba la pamba lilianzishwa hapo na Joseph Gee mwaka 1816, likauzwa kwa Mark Pettway mwaka 1845, na hadi leo wakazi wengi, wazao wa watumwa wa shamba hilo, wanaitwa Pettway. Mwaka 1932, baada ya mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha kufariki, mjane wake alidai madeni yote, na familia zikanyang'anywa mifugo, zana na hata chakula. Katika nyumba za mbao zilizopitisha upepo, wanawake walishona kila kilichobaki, yaani suruali za kazi zilizochakaa magotini, magunia ya unga na mashati yaliyopauka, na mfarishi ulipochakaa kabisa ulichomwa ili moshi wake ufukuze mbu. Missouri Pettway, aliyefiwa na mumewe, alichukua mwaka 1942 nguo za kazi za marehemu na kuziunga kuwa mfarishi, akisaidiwa na binti yake Arlonzia, ili apate kumkumbuka na kujifunika kwa upendo wake. Mfarishi huo umepauka mahali nguo zilipopauka kwa jua la shambani, na hakuna mchoro wa huzuni wenye ukweli kuuzidi.

Wanawake haohao walivuka mto kwenda Camden, makao makuu ya wilaya, kudai haki ya kupiga kura, na mwaka 1962 kivuko kikasitishwa, wakabaki na safari ya karibu saa nzima kwa barabara; kivuko hakikurudi hadi mwaka 2006. Martin Luther King aliwatembelea mwaka 1965, na mwaka uliofuata washonaji wa eneo hilo waliunda ushirika wa Freedom Quilting Bee, uliouza mifarishi hadi New York na kuwapa wengi fedha yao ya kwanza isiyotokana na pamba. Umaarufu ulikuja mwaka 2002, kazi zao zilipoonyeshwa katika Jumba la Sanaa la Houston na kisha katika jumba la Whitney jijini New York, na mwaka 2006 picha za mifarishi hiyo zikachapishwa kwenye stempu za posta. Fedha hazikufuata umaarufu kwa kasi ileile, na mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani wakidai malipo ya haki, mashauri yaliyomalizwa kwa maelewano. Tangu mwaka 2022 kijiji kimekuwa na tamasha lake chenyewe la kuanika mifarishi nje kila Oktoba, ambapo mgeni hununua kutoka mkononi mwa aliyeshona, na huo ndio utaratibu ulio sawa zaidi.

Jambo la haki linarudi kila mara kwenye jina. Whitney ilipoonyesha mifarishi kama sanaa kwa mara ya kwanza mwaka 1971, waliobuni sehemu kubwa ya kazi hizo hawakujulikana tena. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, ameokoka usahaulifu huo kwa sababu ya mazungumzo tu. Mwalimu wa sanaa Jennie Smith aliuona mfarishi wake wa visa vya Biblia kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia, mwaka 1886, akataka kuununua, lakini Powers akakataa. Miaka michache baadaye, dhiki ilipombana, aliutoa kwa dola 10 akapewa 5. Kabla ya kuuachilia alimweleza mnunuzi maana ya kila picha, maelezo yakaandikwa, na baadaye alirudi mara kadhaa kuutazama. Umehifadhiwa leo katika taasisi ya Smithsonian mjini Washington, na wa pili uko Boston. Hakuna mwingine wake unaojulikana kubaki.

Ndiyo maana vyama vya washonaji siku hizi huwahimiza wanachama wabandike nyuma ya kila mfarishi kitambaa kidogo chenye jina la aliyeushona, mahali, mwaka na mtu aliyekusudiwa. Desturi hii yafaa iigwe na kila nyumba ya Afrika Mashariki yenye foronya zilizodariziwa, kofia za mkono au mikeka ya ukili wa rangi iliyoachwa na bibi: jina liulizwe, liandikwe na lishonewe kwa nyuma, wakati wanaolijua wangalipo.