Lugha ya Abagusii na Wajibu wa Kuitunza

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, magharibi ya Kenya, wakaa Abagusii, ambao katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 walipita 2,700,000. Lugha yao, Ekegusii, ni ya Kibantu kama Kiswahili. Lakini majirani wao Wajaluo, Wakipsigis na Wamasai husema lugha za asili nyingine. Ndugu yake wa karibu ni Kikuria, kisemwacho Kenya na Tanzania.

Ajuaye Kiswahili hataona ugeni mwingi. Mtu ni omonto, na watu ni abanto. Mtoto ni omwana, na watoto ni abana. Jina huanza kwa vokali ambayo Kiswahili hakina. Vokali zenyewe ni saba, ijapokuwa huandikwa kwa herufi tano tu. Tena, mwanzo wa jina ulio eke- hugeuka kuwa ege- ukifuatwa na sauti kama t au s. Ndiyo sababu husemwa Ekegusii, bali kitabu huitwa egetabu.

Hesabu nayo ina utaratibu wake. Tano ni isano. Sita ni isano na emo, yaani tano na moja. Saba ni tano na mbili. Nane ni tano na tatu. Tisa ina jina lake, kianda, na kumi ni ikomi. Mwaka 1960 mtaalamu W. H. Whiteley alitoa kitabu juu ya nyakati za vitenzi vya lugha hii tu.

Hata hivyo, wingi wa watu si kinga ya lugha. Abasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, nao Wabantu, walichangamana na Wajaluo kwa ndoa na ujirani, hata wengi wao leo husema Kijaluo, na Kisuba kimebaki kwa wachache. Mijini, watoto wengi wa Kigusii hulelewa kwa Kiswahili au Kiingereza.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, yaiagiza Serikali kukuza na kulinda lugha za wananchi. Lakini Serikali haiingii jikoni jioni. Yafaa wazazi wawasemeshe watoto Ekegusii nyumbani, nao watajifunza Kiswahili na Kiingereza shuleni bila kupungukiwa na kitu.