Jasho si najisi, lakini jirani wa safuni ana haki yake

 

Mpenzi msomaji, katika mtaa mmoja wa jiji la Dar es Salaam upo uwanja wa mchanga ulio hatua chache kutoka msikitini. Kila alasiri vijana hucheza mpira hapo, na inapoadhiniwa Magharibi huuacha mpira wao, hujifunga vikoi juu ya bukta, hutia udhu na kuingia safuni. Jioni moja mzee mwenye heshima zake alimgeukia kijana wa miaka kumi na sita aliyesimama kando yake, akamwambia mbele ya watu: "Toka na najisi yako, unatuharibia sala."

Kijana alitoka. Mpira hakuuacha, alichokiacha ni sala ya jamaa. Baada ya wiki tatu mama yake alipomhoji, alijibu kwamba jezi yake hufuliwa Jumamosi tu, siku ambayo maji hutoka mtaani kwao, kwa hiyo siku zilizobaki yeye si mtu wa msikitini.

Katika kauli ya mzee yule yalichanganywa mambo mawili ambayo sheria yetu imeyatenganisha: najisi na harufu. Katika la kwanza alikosea. Katika la pili alikuwa na hoja, ila hakujua namna ya kuisema. Familia nyingi zina vijana wa aina hii, na mabinti pia wafanyao mazoezi, basi ni wajibu tulijue jambo hili vyema.

Jasho ni tohara

Jasho la mwanadamu ni tohara, hata akiwa na janaba, na hata mwanamke akiwa katika siku zake. Amepokewa Abu Hurayra (R.A.) kwamba alikutana na Mtume (S.A.W.) katika njia mojawapo ya Madina ilhali ana janaba. Akaona haya, akajitenga kimyakimya akaenda kuoga. Aliporejea na kueleza sababu ya kujitenga kwake, Mtume (S.A.W.) alistaajabu, akamfahamisha kuwa Muumini hanajisiki.

Uchafu na najisi, kwa hiyo, si kitu kimoja. Vumbi, tope na jasho ni uchafu. Mkojo, kinyesi na damu ni najisi. Hata hivyo damu kidogo itokayo katika mchubuko wa goti husamehewa katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu. Jezi iliyolowa jasho siku ya Jumanne, ikakauka, kisha ikavaliwa tena Alhamisi, yafaa kusaliwa, maadamu imesitiri panapopasa kusitiriwa na haikuguswa na najisi. Kijana yule hakuwa ameharibu sala ya mtu yeyote.

Haki ya aliye kando

Lakini je, kwa kuwa sala inasihi, tumalizie hapo? La hasha. Mtume (S.A.W.) alimtaka aliyekula kitunguu saumu ajitenge na msikiti, kwa kuwa Malaika huudhika kwa yale yanayowaudhi wanadamu. Kitunguu saumu ni chakula halali wala si najisi. Kilichozingatiwa ni udhia, na wanazuoni wamekisia juu ya hilo kila harufu mbaya inayowakera wenye kusali.

Tutazame pia asili ya kuoga siku ya Ijumaa. Bi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa watu walikuwa wakija kwa zamu kutoka majumbani mwao na kutoka vitongoji vya juu ya Madina, wamejaa vumbi na jasho. Ibn Abbas (R.A.) naye ameeleza kuwa watu wale walikuwa wachapakazi, wakivaa sufi na kubeba mizigo migongoni, na msikiti ulikuwa finyu wenye paa la chini. Siku ya joto walitoka jasho ndani ya sufi hizo, wakaudhiana kwa harufu. Ndipo Mtume (S.A.W.) alipowahimiza waoge na kujipaka manukato mazuri waliyo nayo. Na imepokewa pia kwamba aliwahimiza wenye uwezo wawe na nguo mbili za Ijumaa, mbali na nguo zao za kazi.

Zingatia, ndugu yangu: hawakufukuzwa. Walioneshwa namna ya kuja. Na nguo ya kazi ikatengwa na nguo ya ibada karne nyingi kabla hatujaijua jezi.

Harufu hutoka wapi?

Jasho likitoka mwilini halina harufu kubwa. Harufu hutengenezwa na bakteria waishio juu ya ngozi na katika nguo, ambao huvunjavunja yaliyomo katika jasho, hasa lile la makwapani. Tezi za makwapani huanza kufanya kazi kwa nguvu mtoto anapobaleghe. Ndiyo maana mzazi hushangaa kuona mtoto ambaye mwaka jana alikuwa hanuki, mwaka huu chumba chake hakiingiliki. Umri uleule unaomwajibisha kusali ndio unaomletea harufu, basi mafunzo haya mawili yaende pamoja.

Aina ya kitambaa nayo ina sehemu yake. Jezi nyingi hushonwa kwa poliesta. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walikusanya fulana za watu 26 waliofanya mazoezi makali ya baiskeli, wakaziacha kwa zaidi ya siku moja, kisha wakazinusisha kwa watu waliofunzwa kazi hiyo. Fulana za poliesta zilinuka vibaya zaidi kuliko za pamba. Mwenye nafasi ya kuchagua, basi, na anunue ya pamba kwa mazoezi mepesi, na aliye na jezi ya poliesta azidishe uangalifu.

Kati ya siku moja ya kufua na nyingine

Bakteria hao hupenda unyevu na joto. Kosa kubwa, kwa hiyo, ni kuikunja nguo mbichi na kuifungia. Mifuko ya rambo imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, lakini begi la michezo lililofungwa zipu, au tenga la nguo chafu pembeni mwa chumba, hufanya kazi ileile. Nguo iliyolala humo usiku mmoja huamka na harufu ambayo sabuni ya Jumamosi itapata taabu kuiondoa.

Kijana akifika nyumbani avue mara moja, aigeuze jezi nje ndani, kisha aisuuze kwa maji matupu lita mbili au tatu, akisugua zaidi makwapa na shingo. Haihitajiki ndoo nzima ya lita ishirini. Aikamue na kuianika penye upepo. Ikiwa maji hayapo kabisa, aianike hivyohivyo na jasho lake, kwani kuikausha upesi ni bora kuliko kuifungia. Soksi zisuuzwe kila siku, na viatu vifunguliwe kamba, vitolewe soli za ndani na kushindiliwa magazeti makavu usiku kucha. Gazeti hilo na litazamwe kwanza, lisiwe na Aya au jina la Mwenyezi Mungu, kama ukurasa huu unaousoma.

Siku ya kufua ikifika, jezi iliyoshika harufu ilowekwe nusu saa katika nusu ndoo ya maji yenye kikombe kimoja cha siki nyeupe, isuuzwe, ndipo ifuliwe kwa sabuni ya kiasi. Tahadhari: siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, kwani hutoa hewa ya sumu. Na nguo yenye najisi, kama ile ya mtoto mchanga, iwekwe mbali na hizi za jasho, kwa sababu unyevu hupitisha najisi kutoka nguo hadi nguo. Kukauka kwake jua pia hakuitoharishi, bali maji.

Kunyunyizia manukato juu ya jasho hakuondoi kitu, huzaa harufu ya tatu. Udi nao ni wa nguo safi. Mabinti wafanyao mazoezi wabadili nguo ya ndani iliyolowa kabla ya kuvaa baibui, maana unyevu uliofunikwa huleta fangasi. Kwa sababu hiyohiyo taulo na nguo za mazoezi zisiazimwe ovyo.

Kazi hii, enyi wazazi, isiwe mzigo mwingine juu ya mama achotaye maji tangu alfajiri. Bi Aisha (R.A.) ameeleza kuwa Mtume (S.A.W.) akiwa nyumbani alijihudumia mwenyewe na kushona nguo yake. Kijana anayeweza kukimbia dakika tisini anaweza kusuuza jezi kwa dakika tano.

Ndoo ya maji na neno laini

Tumalizie kwa adabu ya kukosoana. Bedui alipokojoa ndani ya Msikiti wa Mtume, watu walimwinukia. Mtume (S.A.W.) aliwazuia mpaka akamaliza, kisha akaamuru ndoo ya maji imwagwe pale, na akamfunza bedui kwa upole. Ile ilikuwa najisi hasa, tena ndani ya msikiti, na ilitatuliwa kwa ndoo moja na neno laini. Seuze jasho?

Imamu wa msikiti ule alipopata habari alifunga kamba nyuma ya mahali pa kutilia udhu. Sasa vijana huja na fulana kavu, husuuza makwapa, huvaa, na jezi zao huning'inia kambani mpaka sala iishe. Kijana wetu amerudi. Mzee yule hakusema mengi: jioni ya kwanza alisogea kidogo safuni, akamwonesha nafasi iliyo kando yake.

Mwenyezi Mungu atutakasie nyoyo zetu kama tunavyozitakasa nguo zetu. Wabillahi tawfiq.